Kidonge cha Usingizi na Adhana ya Alfajiri

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia vidole vinavyoweza bado kushika kalamu, ingawa polepole. Naandika haya kwa sababu Sheikh wa msikiti wetu ameniomba. Wagonjwa huja barazani kwangu na wengi huniuliza jambo moja: wamepewa vidonge vya usingizi, wamevizoea, na hawajui waendelee navyo au waviache. Mimi si daktari. Nitasema yaliyonipata, na msomaji atapima mwenyewe, tena akiwa na daktari wake.

Mimi ni fundi cherehani wa Shinyanga mjini. Baba yangu alitoka pwani akafuata reli mpaka Tabora, mama yangu alikuwa Msumbwa. Nilikuja Shinyanga nikiwa kijana, nikaweka cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bwana Jivan, na hapo ndipo nilipozeekea. Msikiti wa mtaa ulinikabidhi adhana nikiwa bado na meno yote. Hatukuwa na kipaza sauti. Nilipanda ngazi za nje mpaka juu ya paa, nikaweka vidole masikioni, nikaita. Watu wa soko waliamka kwa sauti yangu na Ramadhani walifuturu kwa sauti yangu. Mungu alitujalia binti mmoja, Mwajuma, aliyeolewa Nyarugusu kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa hiyo mke wangu ni Mama Mwajuma, na mimi mtaani wananiita Maalim.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole, mwishoni mwa mvua, miaka ile ambayo sukari ilikuwa ya foleni. Asubuhi nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikadhani ni macho. Kisha vifundo vikavimba, pete ya ndoa ikakwama, tukajaribu sabuni, ikakataa, ikakatwa kwa msumeno mdogo wa sonara. Baadaye magoti. Hospitali wakasema ni baridi yabisi, wakanipa asprini. Nikameza asprini mwaka mzima mpaka tumbo likawa linawaka. Sikuweza tena kuinua birika la udhu. Mama Mwajuma akawa ananimiminia maji, mkono, uso, mguu, kama vile alikuwa akifanya hivyo tangu siku ya harusi.

Maumivu hayo ningeyavumilia. Lililonishinda ni kukosa usingizi. Nikijilaza, viungo vinaanza kupwita, na baada ya maumivu inakuja hofu. Moyo unakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa, nami niko kitandani kwangu na mlango umefungwa. Nilihofia kufa, kisha nikahofia kutokufa na kubaki hivyo. Mchana nilisinzia juu ya cherehani. Siku moja nilishona mikono yote miwili ya shati upande mmoja. Bwana Jivan akalinyanyua shati lile, akaligeuza huku na huku, akasema, "Fundi, huyu mteja wako ana mwili gani?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniambia nirudi hospitali.

Kwenye benchi la wagonjwa wa nje tulikaa tangu asubuhi. Aliyefahamu hospitali zetu za wakati ule anajua benchi lile: ukuta uliong'aa kwa migongo ya watu, akina mama na watoto, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Pembeni yangu alikaa Msukuma mmoja mzee kutoka Kishapu, ana fimbo yake ya kuchungia katikati ya magoti.

"Namhala," aliniita, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mzee kwa heshima, "wewe unaumwa nini?"

"Viungo. Na silali."

"Nani analala? Mimi wanangu wameshaanza kugombea ng'ombe, na mimi mwenyewe niko hai, nawasikiliza."

Benchi zima likacheka. Akaendelea bila kutabasamu, "Wakikupa dawa ya usingizi, unikatie kipande. Nami nitakukatia ndama."

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinipa shikamoo, akanipapasa vifundo kimoja kimoja, akaniuliza zaidi habari za usiku kuliko habari za viungo. Akaandika vidonge vya manjano.

"Kimoja usiku kabla ya kulala, mzee. Na nusu asubuhi, kama moyo unakimbia. Hivi ni vya muda mfupi. Tutaonana baada ya mwezi."

Sikumeza siku hiyo. Nilivipeleka kwanza kwa Sheikh, maana nilikuwa na shaka kama kitu kinachoituliza akili si ndugu yake kileo. Sheikh alikigeuza kidonge kiganjani.

"Umepewa na tabibu?"

"Ndiyo."

"Unakitafuta kwa starehe?"

"Sheikh, nitazame. Nina starehe gani?"

"Basi ni dawa. Lakini angalia jambo moja. Mtu anayesali lazima ajue anachosema, na anayewaita watu kwenye sala vivyo hivyo. Ukiona hujui unachosema, njoo unieleze."

Nikameza. Nikalala. Siwezi kumweleza mtu ambaye hajakosa usingizi kwa mwaka mzima jinsi ilivyokuwa. Mama Mwajuma alinimwagia maji miguuni ili niwahi alfajiri, na nilipoinuka nikakuta jirani zangu wote wana nyuso nzuri. Nilimshukuru Mungu kwa sijida ndefu. Moyo ulitulia. Hofu iliondoka.

Baadaye nikaona kwamba haikuondoka peke yake. Sisi mafundi, koti zito tunalitia bitana ndani, ili kitambaa kisiguse mwili. Ndivyo nilivyokuwa. Kati yangu na dunia palitiwa bitana. Maumivu yalikuwepo, lakini kama ya mtu wa chumba cha pili. Chakula kilikuwa chakula. Nilisoma Kurani na ulimi ukatamka sawasawa, lakini aya zile zilizokuwa zikinitoa machozi zilipita kama magari barabarani.

Mwajuma alikuja kutoka Nyarugusu na mtoto wake wa kwanza, mvulana. Tulimwomba Mungu mtoto yule kwa miaka. Akaniwekea mapajani. Nikamshika. Nikaona ana vidole, ana kope. Nikamrudisha.

"Baba," binti yangu akasema, "humtaki?"

"Namtaka."

"Mbona umempokea kama umeshikishwa mzigo wa abiria?"

Nilimtazama akilia, nikafikiri kwamba inanipasa kumbembeleza, na nikaendelea kukaa. Mama yake akamchukua, wakaingia ndani. Mimi nikatoka kwenda kuadhini alasiri.

Mwezi ulipokwisha nilirudi hospitali. Daktari yule alikuwa safarini vijijini. Kwenye dirisha la dawa walitazama cheti, wakanijazia bahasha nyingine. Vivyo hivyo mwezi uliofuata. Bwana Jivan aliiona bahasha ile juu ya cherehani.

"Fundi, hii naijua. Mke wangu anameza tangu tulipokuwa na duka kule Geita. Daktari alimwambia wiki mbili." Akaisukuma kwa kidole. "Sasa akikosa siku moja, nyumba nzima tunakosa pa kukaa. Angalia sana."

Nilimsikia. Lakini kusikia kwangu wakati ule hakukuwa na uzito.

Ramadhani ya miaka ile iliangukia msimu wa pamba. Malori yalipita mchana kutwa yakielekea kwenye viwanda vya kuchambulia, vumbi limetanda. Hapo nilifanya hesabu yangu mwenyewe bila kumuuliza mtu, na nadhani wagonjwa wengi waliofunga wameifanya. Daktari alisema kimoja kabla ya kulala na nusu asubuhi. Lakini usiku wa Ramadhani mtu halali mapema, kuna tarawehe na kuna daku. Na asubuhi mfungaji hawezi kumeza kitu. Nikaona njia iliyo nyoofu: nimeze vyote pamoja mwisho wa daku, niadhini alfajiri, nisali, ndipo nilale. Nia yangu ilikuwa kulinda saumu. Sikufikiri kwamba dawa ya usiku nimeihamishia mchana, tena na nyongeza.

Siku moja Mama Mwajuma aliniamsha adhuhuri. Aliniita mara nyingi, baadaye aliniambia. Alinitawadhisha, nikaenda, nikapanda ngazi, nikaita. Nilipokuwa naita nilisikia soko limenyamaza, kisha likalipuka kwa kicheko.

"Maalim!" Ilikuwa sauti ya Hamisi, muuza nyama, anayekaa buchani mkabala na msikiti. "Sisi wenye njaa tumeamka tangu daku! Unamwamsha nani?"

Mwanamke mmoja wa mchicha akadakia, "Mwacheni mzee, anajiamsha mwenyewe!"

Nikashuka. Sheikh alinisubiri chini ya ngazi.

"Maalim, umeadhini adhana gani?"

"Ya adhuhuri."

"Umesema sala ni bora kuliko usingizi."

"Nimesema?"

"Mara mbili."

Maneno hayo ni ya alfajiri peke yake. Mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Nami nilikuwa nimeyatangaza saa saba mchana juu ya soko zima, na sikuwa na habari.

Jambo ninalotaka mgonjwa mwenzangu alielewe si kosa lile. Watu hucheka, kisha husahau. Jambo ni kwamba sikuona aibu. Nilisimama pale kwenye vumbi, nikatafuta aibu ndani yangu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, sikuipata. Nikasali, nikarudi nyumbani.

Mama Mwajuma alikuwa ameshapata habari. Alikuwa ameshika ungo wa mchele wa futari.

"Sokoni wanakucheka."

"Najua."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

Akaweka ungo chini. "Mwaka jana ulipokuwa unalia kwa maumivu, nilijua mume wangu yumo ndani. Sasa niambie, Baba Mwajuma, naishi na nani?"

Akaichukua bahasha, akaenda nayo chooni, akaimwaga yote. Nilimtazama tu. Hata hilo halikunigusa.

Lilinigusa siku chache baadaye. Mikono ilianza kutetemeka hata nikashindwa kushika tende. Jasho lilinitoka wakati wa baridi ya kipupwe. Kila lori la pamba lililopita lilinipigia nyundo kichwani, na ngozini nilihisi siafu ambao hawakuwapo. Usingizi ulitoweka kabisa. Nikalazimika kuacha kufunga, na hiyo ni ruhusa ya mgonjwa, namshukuru Mungu aliyeiweka. Majirani wakasema ni jini la juu ya paa. Sheikh aliniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Nikatulia kidogo, na sitamruhusu mtu anidharaulie kombe lile. Lakini Sheikh mwenyewe alipoona mikono yangu alisema, "Mimi nimefanya la kwangu. Sasa vaa kanzu twende kwa tabibu."

Tukakaa tena kwenye benchi lile, watatu: mimi, Sheikh na Mama Mwajuma. Kijana yule daktari alikuwepo. Aliponiona mlangoni aliinuka.

"Nani alikwambia uache kwa mara moja?"

"Mimi," akasema Mama Mwajuma. "Nimevitupa chooni."

"Mama, kuogopa hukukosea. Kutupa ndiko kubaya. Mwili wake umeshavizoea, ukinyang'anywa ghafla unapiga kelele." Akamgeukia Sheikh, akamwamkia, akatuomba radhi kwa kuniacha miezi ile yote bila kunitazama. Hakulazimika kusema hivyo mbele yetu. Nilimheshimu kwa hilo.

Alinirudishia kidonge, na mpango wa kupunguza kidogo kidogo: kidonge kizima, kisha nusu, kisha robo, kila hatua ikae mpaka mwili uizoee. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Mzee, sitakudanganya. Nikiviondoa vyote, utaadhini, lakini usingizi wako utakuwa mbovu, na usipolala viungo vitazidi. Nikikuachia kidogo, utalala, lakini alfajiri hutakuwa mtu wa kutegemewa. Unataka kipi?"

"Nataka vyote viwili."

"Hata mimi ningetaka," akasema.

Mama Mwajuma akawa mtunza dawa. Vidonge alivifunga kwenye pindo la kanga yake, na kila jioni alikata kimoja kwa wembe wangu wa kufumulia nguo, akanipa kipande, akalifunga pindo. Tulipita kiangazi chote hivyo. Nilifuata kila hatua. Palikuwa na wiki za kurudi nyuma, tukamwambia daktari, akasema kaeni hapo hapo, hakuna mbio. Bitana ilianza kufumuka. Kilichotangulia kuingia ni maumivu, nayo yalikuwa yangu kabisa. Siku nyingine nilimsikia Bwana Jivan akibishana na mteja juu ya marinda, nikacheka, nikashangaa sauti yangu. Aibu ya siku ile ya sokoni pia ilikuja, imechelewa miezi, nikiwa peke yangu nakunja kitambaa. Uso ukanipanda moto. Nikasema alhamdulillah.

Mvua za kwanza zilipoanza nilikuwa nimeacha kabisa. Nilijisifu kidogo. Baridi ya maji iliingia kwenye magoti, usingizi ukapungua, nikaanza tena kusinzia juu ya cherehani. Alfajiri moja, baada ya usiku ambao sikulala hata kidogo, niliadhini vizuri, bila kuruka neno, kisha nikashindwa kushuka. Magoti yalikataa. Nikakaa katikati ya ngazi zilizoloa, mvua ikinipiga, nasikia chini wanakimu sala.

Aliyenikuta baada ya sala ni Hamisi.

"Maalim, umehamia huku?"

"Siwezi kushuka."

Akapanda, akageuza mgongo. "Panda."

"Hamisi, mimi ni mtu mzima."

"Nimebeba mbuzi wazito kuliko wewe, na hawakunipa hotuba."

Akanishusha mgongoni mpaka nyumbani, mbele ya mtaa uliokuwa unaamka. Mama Mwajuma alinivua nguo za maji, akanifunika, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alilishika tu pindo la kanga, ambalo wakati huo lilikuwa tupu.

Hapo nilipima. Nilikuwa nimeichukulia adhana kama yangu, na dawa kama adui wa dini yangu. Kumbe adhana ni ya msikiti. Ilikuwepo kabla yangu. Mwili huu ndio niliopewa mimi peke yangu, na nitaulizwa juu yake. Upande mwingine, sikutaka kurudi ndani ya bitana ile, nisimjue mjukuu wangu. Nilikwenda kwa daktari nikamwambia nataka kipande kidogo, usiku mbaya tu, msimu wa mvua tu, na mke wangu ashike yeye. Akaniuliza, "Na adhana?" Nikamwambia hilo nitalisema msikitini.

Nikalisema baada ya isha, mbele ya watu wote. Nilibakiza adhuhuri na alasiri siku ambazo magoti yananiruhusu, nikaadhini nikiwa mlangoni, si juu ya paa. Alfajiri nikaitoa. Sheikh akauliza nani ataichukua. Kisha Hamisi akasema yeye huamka kuchinja mapema, basi ataita. Watu wakanong'ona, maana sauti yake ni ya mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto. Nilisikia uchungu mkubwa kifuani, uchungu kamili, usio na kitu kati yake na mimi. Nikashukuru kuusikia.

Kwa wenzangu nasema hivi: usimeze bila kuulizwa habari za siku yako yote, sala yako na saumu yako, na kama hukuulizwa, zieleze mwenyewe. Usiongeze, usihamishe, usitupe. Muulize anayelala nawe nyumba moja kama bado upo, kwa maana yeye atajua kabla yako. Na ukichagua, jua kwamba utapoteza kitu upande wowote.

Alfajiri ya kwanza ya Hamisi nilikuwa nimemeza kipande changu, nimelala. Sauti ilinitoa usingizini kwa nguvu hata nikashtuka. Ilikuwa mbaya. Mama Mwajuma alikuwa ameshasimama na birika, anajizuia kucheka. Akanimiminia maji, nikatembea polepole nikimshika bega mpaka mlangoni mwa msikiti, nikasali safu ya nyuma, kwenye kiti.

Tulipotoka Hamisi alinisubiri, anajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Haya, sema."

"Umeanza juu mno. Na umevuta sana pale katikati."

"Basi kesho uje uadhini mwenyewe."

"Hapana," nikamwambia. "Kesho nitakuwa nimelala. Wewe niite."